Sushi ya mboga ukiwa Mbeya: anza na beseni la maikrogrini, wali utafuata

Jamani kwa wale mnaokaa huku nyanda za juu kusini, Mbeya, Iringa, Njombe, Tukuyu, na mmekuwa mkiiona sushi, ule wali wa Kijapani unaoviringishwa na kukatwa vipande, kwenye simu mkahesabu kwamba hicho ni chakula cha mahoteli ya Dar tu, mwongozo huu ni wenu. Vitu vya sushi ya mboga karibu vyote viko kwenye masoko ya Mwanjelwa na Uyole, tena vikiwa freshi: parachichi la Rungwe, karoti, tango, mchele wa Kyela au wa Mbarali, tangawizi, ufuta. Cha kuagiza ni kimoja tu, zile karatasi nyeusi za mwani zinazoitwa nori, na hata zikikosekana ipo njia nitaisema huko mbele.

Na kabla mtu hajasema sushi bila samaki sio sushi, hapana. Kinachoifanya iwe sushi ni wali uliochanganywa na vinega, sukari na chumvi. Wajapani wenyewe wana roli ya tango tupu wanaiita kappa maki, na wana nyingine kampyo maki ambayo ndani yake ni kibuyu, yani kibuyu hiki hiki tunachokijua, nyama yake inakatwa tepe ndefu zinakaushwa halafu zinapikwa na soya sosi na sukari. Kwa hiyo ndugu zetu Wasabato wasiogusa nyama, na wale wa Kwaresima, hamli kitu cha kuigiza hapa.

Sasa wengi wanaanza na wali. Mimi nasema anza na beseni la maikrogrini, miche michanga ya mboga inayokatwa ikiwa na majani mawili matatu, na ulipande siku 10 mpaka 12 kabla ya siku unayotaka kula, la njegere wiki mbili. Sababu yake ni kwamba roli isiyo na samaki inataka kitu chenye ukali na mkwaruzo katikati, la sivyo unatafuna wali na parachichi, vyote laini, vyote vipole, kipande cha tatu tu mdomo umeshachoka. Figili changa na haradali changa ndo zinamaliza hilo tatizo. Haradali, figili na wasabi zote ni za ukoo mmoja wa kabichi, ule ukali wa kupanda puani zinachangia, na hata wasabi nyingi za kwenye tyubu ukisoma pakiti utakuta ni mzizi mwingine wa ukoo huo huo umechanganywa na haradali na rangi ya kijani. Kwa hiyo ukiwa na haradali uliyoikata dakika tano zilizopita kwa kweli huna haja ya kuhangaika na tyubu.

Hatua ya kwanza: mbegu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hatari.

Usichukue mbegu yoyote tu ya duka la pembejeo. Nyingi za kwenye makopo zimepakwa dawa ya kuua fangasi na wadudu, utaziona zina rangi ya pinki, bluu au kijani, na hizo zimetengenezwa zikae ardhini miezi kadhaa mpaka mmea ukue, sio uzikate baada ya siku nane uweke mdomoni. Ukiona rangi, acha. Ukiona hamna rangi bado soma lebo na umuulize muuzaji kama zimewekwa dawa. Nafaka za magunia nazo uliza hivyo hivyo, kwa sababu wafanyabiashara wengine wanapaka dawa ya unga ya kuhifadhia zisitobolewe.

Njia rahisi ni kununua mbegu zinazouzwa kama chakula. Kwenye duka la viungo utapata haradali na uwatu. Alizeti nenda kwa wanaokamua mafuta, omba ambayo haijakaangwa na haijapasuka, ikiwa na ganda lake. Njegere kavu zipo sokoni, chagua nzima, zile zilizopasuliwa mara mbili hazioti. Figili ndo inabidi utafute mbegu isiyo na dawa kwenye pembejeo, au uiache figili moja bustanini itoe maua na mbegu zake, inatoa nyingi mno. Mchicha nao unafaa na ule mwekundu unapendeza sana ndani ya roli, ila hauipendi baridi.

Visivyofaa kabisa: maharage, nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili. Maharage mabichi na machipukizi yake yana sumu inayosumbua tumbo vibaya, na hayo mengine majani yake hayaliwi yakiwa mabichi. Usijaribu hata kidogo.

Hatua ya pili: kupanda na kukata

Chukua beseni bapa la plastiki au dumu la mafuta la lita tano ulikate kwa ubavu, toboa matundu madogo chini, weka udongo wa sentimita tatu hadi nne. Udongo wa msituni uliochanganywa na mboji iliyooza kabisa unatosha. Samadi mbichi hapana, maana hii mboga unakula bila kupika. Kama huuamini udongo wako umwagie maji ya moto yanayochemka, uache upoe na uchuje maji, ndo upande.

Alizeti loweka kwa muda wa masaa 8 hadi 12, njegere loweka usiku kucha, figili na haradali hazilowekwi. Sambaza mbegu juu ya udongo zikae karibu karibu lakini zisipandane, nyunyizia maji, halafu funika kwa beseni lingine kama hilo na weka juu yake kitu cha uzito kidogo, tofali la nusu au mfuko wa unga. Huo uzito unasaidia mizizi ishike chini na shina linene. Siku mbili mpaka nne gizani, ukiona zimesukuma funiko funua upeleke dirishani penye mwanga mzuri, na kuanzia hapo mwagilia kutoka chini, yani kalisha beseni kwenye sinia lenye maji dakika kumi hivi udongo unyonye wenyewe, majani yabaki makavu.

Siku ya tatu ya nne utaona figili ina kama utando mweupe wa manyoya kwenye mizizi na hapo ndo wengi wanatupa beseni zima wakidhani ni ukungu. Nyunyizia maji. Kama manyoya yamenywea yakapotea, ni vinyweleo vya mzizi, hamna shida. Kama yamebaki na yanatambaa kutoka mche mmoja kwenda mwingine kama utando wa buibui na kuna harufu ya uvundo, huo ndo ukungu, toa sehemu hiyo yote, punguza maji na uache hewa ipite.

Figili na haradali zinakuwa tayari siku ya 7 hadi 10, alizeti siku ya 8 hadi 12, njegere 12 hadi 14. Ila hizo ni hesabu za sehemu ya joto la kawaida. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu ongeza siku kadhaa, Uyole na Igawilo baridi lake mnalijua, Makete na Njombe ndo usiseme, kwa hiyo kipindi hicho lile beseni wakati bado lipo gizani liweke jikoni au juu ya friji kwenye kajoto. Walioko Kyela wao wana tatizo la kinyume chake, joto na unyevu, ukungu unawahi, wapande kwa nafasi zaidi kidogo.

Alizeti usiikawize. Ikishaanza kutoa yale majani halisi ya katikati yenye manyoya inakuwa chungu na ngumu. Kata ikiwa na yale majani mawili manene tu, ndo ina ladha tamu ya karanga mbichi, na toa maganda meusi yaliyoganda kwenye ncha moja moja, ni kazi ya subira ila ganda moja kwenye roli linaharibu.

Kata kwa mkasi safi sentimita moja juu ya udongo, siku ile ile ya kula, ikiwezekana wali ukiwa unapoa. Suuza haraka kwa maji safi na salama kisha tandaza kwenye taulo safi zikauke kabisa, narudia, kabisa. Maikrogrini yenye maji ndani ya roli inalainisha nori kwa dakika chache tu unabaki unavuta kitu kama mpira.

Kwa wanaouliza faida mwilini, mwaka 2012 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Maryland walipima aina 25 za maikrogrini na wakakuta nyingi zina vitamini kwa wingi kuzidi majani yaliyokomaa ya mboga hizo hizo, kabichi nyekundu changa ikiongoza kwa vitamini C. Ni uzuri wa kweli, ila tunakula kiganja kimoja tu, kwa hiyo sukuma wiki na chainizi ziendelee kuwepo mezani kama kawaida.

Hatua ya tatu: nori na mkeka wa kukunjia

Nori agiza Dar kwenye supamaketi kubwa au kwa wauzaji wa mtandaoni, pakiti ni nyepesi inapanda basi inakufikia bila shida. Karatasi moja nzima ina kama sentimita 19 kwa 21. Watu wanauliza kwa nini tusitumie mwani wa Zanzibar, na jibu ni kwamba ni mimea tofauti kabisa. Wa Zanzibar unaolimwa kibiashara tangu 1989 ni ule wa matawi manene, unauzwa zaidi kwa ajili ya kutoa uteute wa kugandishia vyakula na vipodozi. Nori inatokana na mwani mwekundu mwembamba unaosagwa, ukatandazwa na kukaushwa kama karatasi. Na wakulima wa Japani walikuwa wanaulima kwa kubahatisha, mwaka huu upo mwaka ujao haupo, mpaka 1949 mwanasayansi mmoja mwanamke wa Uingereza, Kathleen Drew-Baker, alipogundua kwamba mwani huo unapitisha sehemu ya maisha yake ndani ya magamba ya chaza. Hapo ndo wakaweza kuuotesha wenyewe. Yeye hakuwahi kufika Japani, lakini kule Uto, Kumamoto, wamemjengea mnara na kila mwezi wa nne wanamkumbuka. Mimi kila nikifungua pakiti ya nori namfikiria huyo mama.

Nori ikikosekana, chukua majani makubwa ya kabichi au chainizi, yatie kwenye maji yanayochemka sekunde 30, yatoe weka kwenye maji baridi, kausha, chonga ule mshipa mnene wa katikati uwe bapa, na uyatumie kukunjia. Ladha ya bahari hutaipata ila roli inasimama na inaliwa vizuri.

Mkeka wa kukunjia unautengeneza mwenyewe: vijiti vya mishikaki vya mianzi kama 40, kata ncha kali, vifunge kimoja kimoja kwa uzi wa pamba katika mistari mitatu, pembeni, katikati, pembeni, mpaka upate mraba wa sentimita 22 hivi. Kwa Iringa na Njombe ambako mianzi ya ulanzi imejaa unaweza kumuomba fundi wa matenga akuchongee vijiti bapa, vinakuwa bora hata kuliko vya dukani. Ukitaka wa haraka leo hii, taulo dogo la jikoni lililokunjwa mara mbili na kuvikwa ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula linafanya kazi.

Hatua ya nne: wali

Hapa ndo sushi inafia au inapona.

Mchele wa Kijapani ni mfupi na una amilosi kidogo, amilosi ni ile sehemu ya wanga inayofanya wali uchambuke punje punje. Sisi huku tunasifia wali unaochambuka, kwa hiyo michele yetu mizuri ya pilau sio ya sushi. Ila tunajua vizuri kabisa ni mchele gani unashikana: mchele mpya. Ule wa mavuno ya juzi juzi ambao muuzaji anakuonya kabisa kwamba huu mpya mama, punguza maji. Huo ndo unaoutaka. Mwambie akupe Kyela mpya au wa Mbarali mpya, na uchanganye na chenga, kikombe kimoja na nusu cha mzima na nusu kikombe cha chenga, kwa sababu punje zilizovunjika zinaachia wanga mwingi nje na huo ndo gundi yako. Ukipata mchele wenyewe wa sushi kutoka Dar vizuri, lakini usikwame kwa kuukosa.

Vikombe viwili vya mchele, kama gramu 400, vinatoa roli sita hivi. Pepeta, chagua mawe vizuri, osha mara mbili kwa upole bila kusugua, loweka nusu saa. Usiruke kuloweka. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100, ndo maana maharage yetu yanachukua muda na ndo maana ukifuata dakika za mapishi ya watu wa pwani wali wako unakuwa na kiini. Kuloweka kunaingiza maji mpaka katikati ya punje kabla ya moto.

Chuja, weka kwenye sufuria yenye mfuniko mzito na vikombe vitatu vya maji kama mchele ni mpya, vitatu na nusu kama umekaa. Hakuna mafuta, hakuna chumvi, hakuna nazi, mafuta yanazuia punje zisishikane. Moto wa wastani mpaka uchemke, funika, punguza moto mpaka mwisho, dakika 18 hadi 20 na usifunue. Zima, acha umefunikwa dakika 15 nyingine. Kwa wa mkaa, ukishachemka toa makaa mengi ubakize machache chini, na usipalie makaa juu ya mfuniko kama tunavyofanya kwa wali wa nazi, hapa hatutaki ukauke juu.

Wali sahihi unauminya kidogo kati ya vidole viwili unanata lakini punje unaiona bado ni punje. Ukiwa uji, ongeza mchele mzima na punguza chenga safari nyingine.

Hatua ya tano: vinega

Wakati wali unapumzika changanya vijiko vinne vya chakula vya vinega ya mchele, vijiko viwili vya chakula vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, pasha moto kidogo mpaka viyeyuke bila kuchemka. Kama una vinega nyeupe ya kawaida au ya tufaha, yenyewe ni kali zaidi, weka vijiko vitatu na kimoja cha maji. Ndimu inaweza kuokoa jahazi ila harufu yake inatawala, mimi siipendi kwa wali huu.

Mimina wali kwenye sinia pana la mbao, la plastiki ngumu au la bati la enameli, sio aluminiamu maana vinega inaila. Nyunyiza ule mchanganyiko juu ya mwiko ili usambae, kisha ukate wali kwa mwiko kama unaukata vipande, ugeuze, ukate tena, usikoroge wala usisonge, huu sio ugali. Huku unakata mtu mwingine apepee kwa mfuniko au boksi gumu safi. Upepo unaondoa mvuke haraka na wali unapata mng'ao. Mtoto wa nyumbani anaifurahia sana hiyo kazi mpe yeye. Ukishakuwa na joto la mkono wako funika na kitambaa chenye unyevu. Wali wa moto unalegeza nori na unazipika maikrogrini zako kabla hujazila, wa baridi kali haushikani.

Hatua ya sita: vya ndani

Karoti menya ukate vijiti vyembamba virefu, nyunyiza chumvi kidogo dakika tano uiminye maji. Tango kata kwa urefu, toa mbegu za katikati zote, hizo ndo zinaleta maji. Uyoga, ule bapa wa kulimwa, kaanga bila mafuta mengi na kijiko cha soya sosi na nusu kijiko cha sukari mpaka ukauke. Parachichi chukua la Hass, lile la ganda jeusi lenye magamba, lina mafuta na nyama yake inakaa kwenye umbo, yale makubwa ya kienyeji ni matamu ila mengi yana maji yanasagika. Bonyeza karibu na kikonyo, likiingia kidogo tu ndo lenyewe, kata tepe uzipake ndimu zisiwe nyeusi. Ufuta kaanga kavu mpaka uanze kuruka.

Usiweke vyote kwenye roli moja. Vitatu pamoja na maikrogrini vinatosha, na mpangilio ninaoupenda kuliko yote ni parachichi, karoti, na rundo la figili na alizeti nusu kwa nusu. Uyoga unaenda vizuri na tango na haradali. Ya watoto tumia njegere changa na alizeti, hazina ukali kabisa, zina utamu.

Hatua ya saba: kukunja

Andaa bakuli la maji yenye kijiko cha vinega, lowesha mikono kila unapogusa wali, la sivyo utashika wali na wali utakushika wewe.

Nori weka upande unaong'aa chini na wenye mkwaruzo juu. Chukua wali ukubwa wa ngumi yako, kama gramu 150, usambaze kwa ncha za vidole bila kukandamiza, unene wa nusu sentimita, mpaka kwenye kingo tatu lakini ule ukingo wa mbali nawe acha sentimita mbili wazi. Wali mwingi ndo kosa la kawaida kuliko yote, roli inakuwa nene inapasuka na ladha ya mboga haisikiki. Nyunyiza ufuta.

Vya ndani vipange mstari mmoja kwenye theluthi ya kwanza upande wako, parachichi chini, karoti pembeni yake, na maikrogrini juu zikiwa zimelala kwa urefu, nusu majani yakielekea kulia nusu kushoto ili yachungulie nje pande zote mbili. Yakichungulia hivyo vipande vya mwisho vinakuwa vizuri kuliko vyote na wageni watavigombania.

Sasa ingiza vidole gumba chini ya mkeka, vidole vingine vishike vya ndani visikimbie, nyanyua mkeka uukunje mbele mpaka ukingo wa nori wa upande wako ugote pale wali unapoishia mbele ya mboga. Simama hapo, minya kwa kuvuta mkeka kuja kwako, usawa, sio kwa nguvu. Kisha nyanyua ncha ya mkeka usije ukaukunjia ndani, endelea kuviringisha mpaka mwisho, ule ukingo ulioachwa wazi upake maji kidogo ujigundishe. Minya mara ya mwisho, iache imelalia mshono dakika mbili.

Zile roli za wali nje nori ndani ziache kwanza mpaka mkono uzoee hizi, zinataka nailoni juu ya mkeka na wali unaonata haswa.

Hatua ya nane: kukata

Kisu kinolewe. Kilowekwe kwenye maji ya vinega, kifutwe, kikate kwa kuvuta kama msumeno bila kugandamiza. Kata roli katikati kwanza, panga nusu mbili sambamba, kisha kila mkato mmoja ukate zote mbili, upate vipande sita au vinane. Futa kisu kila mkato. Kisu butu kinazichana maikrogrini na kuzivuta nje, kazi ya siku kumi inaharibika hapo kwenye kibao.

Mezani

Soya sosi kwenye kibakuli kidogo, chovya upande wa chini kidogo tu, ni ya chumvi sana. Wasioweza ngano wasome pakiti kwanza maana soya sosi nyingi zina ngano. Tangawizi ya pembeni fanya usiku uliotangulia: menya, parua nyembamba mno kwa kifaa cha kumenyea karoti, chemsha dakika mbili, chuja, chumvi kidogo, mwagia vinega ya moto yenye sukari nusu ya kipimo chake, funika kwenye chupa. Ya kwetu iliyokomaa haitakuwa ya pinki, inabaki ya njano, ladha ipo pale pale. Unakula kipande kimoja katikati ya roli mbili kusafisha mdomo.

Kula siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Kwenye friji wali huu unakuwa mgumu kama mchanga, na nje nako wali uliopikwa ukilala unaota bakteria wanaosumbua tumbo, vinega inawapunguza kasi tu haiwaondoi, kwa hiyo usitengeneze jioni kwa ajili ya kubeba kazini kesho. Unataka za kubeba, kunja asubuhi, funga kila roli nzima bila kuikata, ikate wakati wa kula.

Maikrogrini zilizobaki zikiwa kavu zifunge kwenye kitambaa kikavu ndani ya kontena, kwenye friji zinakaa siku nne tano. Shina za njegere zilizobaki kwenye beseni usizitupe kama ulikata juu ya jani la kwanza la chini, zimwagilie, zinachipua tena mara moja zaidi. Za figili na alizeti hazirudi, hizo peleka kwenye mboji. Na pakiti ya nori ukishaifungua ifunge vizuri mno, hasa kuanzia Novemba mvua zinapoanza, ikinywea unyevu unaipitisha juu ya moto mdogo wa gesi sekunde chache kila upande mpaka ikakamae tena.